Pesa ya Kufungua Faili

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata ninapochoka kukumbuka mengine yote. Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa bonasi, na soko la Kiptere lilikuwa limechangamka kama arusi. Ukitaka kujua mwezi wa bonasi, kiwanda kinapolipa salio la mwaka, ulivyo kwa mkulima mdogo wa majani chai, mfikirie mtu aliyenyeshewa mwaka mzima kisha akaonyeshwa moto. Mwezi huo kila mtu ana rafiki. Hata mbwa hukusindikiza kwa heshima.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kwa kuwa nilifika kidato cha pili, wanawake kumi na wawili wa kikundi chetu walinichagua kuwa mweka hazina. Kikundi chetu kilikuwa cha mabati: kila bonasi tulichanga, tukamwezekea mmoja wetu nyumba. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Hakuwa nyanya yangu wa damu, alikuwa mjane jirani yetu, na paa lake la nyasi lilivuja vibaya hata alikuwa na mahali patatu pa kulala, akihama kufuata upepo. Kwa hiyo pesa niliyoishika haikuwa noti tu. Ilikuwa usingizi wa mwanamke mzee.

Ndipo akaja mtu mmoja mwenye koti jeusi, mkoba mkononi, sauti laini kama ya shemasi. Alijiita wakala wa mikopo.

"Mama mweka hazina," akaniambia, na cheo hicho kikanipanda kichwani kama pombe. "Mbona mnaezeka nyumba moja kwa mwaka? Nikiwatafutia mkopo, mtaezeka zote kabla ya mvua ya Machi."

"Na dhamana? Sisi hatuna hata hati za mashamba. Ziko kwa wanaume."

"Majani yenu ndiyo dhamana. Kuna pesa kidogo tu ya kufungua faili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama."

Tazama ujanja huo. Hata mwizi anajua methali.

Niliinama. Nilikwenda Kericho, nikapanda ngazi hadi chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Nikaona meza, kalenda, na msichana akipiga taipu. Kumbe mtu aweza kukodi taipu kama anavyokodi baiskeli. Nilimpa yule wakala nusu ya pesa ya Kogo. Nilipouliza risiti alicheka kidogo. "Risiti itatoka pamoja na hundi. Na wenzako usiwaambie bado. Maneno mengi huharibu faili."

Sasa nisikilize hapa, mwanangu, kwa maana hapa ndipo miguu yangu ilipoteleza. Sisi watu wa majani tumezoea kutoa leo na kungoja. Unachuma asubuhi na umande, unabeba kikapu mgongoni hadi kituo cha majani, yanapimwa, yanapakiwa kwenye lori na kuondoka, nawe unarudi nyumbani mikono mitupu. Pesa itakuja mwisho wa mwezi. Bonasi itakuja mwisho wa mwaka. Kwetu kungoja si wasiwasi, ni kazi. Kwa hiyo yule mtu aliponiambia "ngoja", nilisikia sauti ya nyumbani. Mtu wa mjini angepiga kelele baada ya wiki moja. Mimi nilingoja miezi miwili. Subira huvuta heri, wanasema, nami nilisubiri hadi heri ikahama kijiji.

Kisha ikaja barua. Hundi imeandikwa, ilisema, imebaki pesa ya bima, nayo itumwe kwa hawala ya posta kwenye sanduku fulani la Nakuru. Nilituma nusu iliyobaki. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi Kogo alinifuata shambani, nikiwa katikati ya mistari ya majani.

"Chebet, fundi anauliza mabati yanakuja lini. Miti imekatwa, imekauka, sasa inanicheka."

Nilianza kumdanganya, nikaacha katikati. Nikamwambia yote, nikilia na kikapu mgongoni. Hakunipigia kelele. Alichuma jani moja, akalikunja, akalitupa.

"Na kikaratasi chake kiko wapi?"

"Kikaratasi gani, Kogo?"

"Ukipeleka majani kituoni, karani anapima mbele ya watu wote, anakuandikia kilo kwenye kikaratasi. Hata zikiwa kilo mbili. Hata akiwa shemeji yako. Huyu wako alipima nini? Nani aliona?"

Nilianza kuchuma tena, naye akanifuata mstarini.

"Na ni siku gani ulimlipa karani ndiyo akubali kupima? Mtu wa kukukopesha pesa hakuombi pesa. Akitaka chake anakata huko huko kwenye mkopo, kama kiwanda kinavyokata ya mbolea kwenye malipo ya majani."

"Nitawaambia nini akina mama?"

"Utawaambia ulivyoniambia mimi. Aibu haiezeki nyumba. Hiyo ya pili ulituma lini?"

"Juzi."

"Basi bado inatembea. Vua hicho kikapu."

Sikuwahi kumwona mzee akitembea haraka vile. Katika posta ya Kericho, karani aliniuliza kama nina stakabadhi ya ile hawala. Nilikuwa nayo, na si kwa busara yangu. Posta humpa kila mtu bila kuombwa. Alipiga simu Nakuru, akangoja, akaitikia mara tatu, akaweka simu chini.

"Haijachukuliwa. Jaza fomu hii. Mngekuja wiki ijayo ningewapa pole tu."

Baada ya wiki tatu nusu ile ilirudi, ikiwa imepungua ada ya posta. Ile ya kwanza, mwanangu, ninaingoja hata leo.

Siku ileile tuliyokwenda posta, tulipanda zile ngazi juu ya duka. Mlango ulikuwa na kufuli. Nje walisimama mwalimu mmoja wa Soin na mzee wa Bomet aliyeuza mitamba wawili alipie faili lake, wanatazama kufuli kama watu waliofika matangani. Tulikwenda polisi pamoja, tukaandikisha, tukapewa namba. Hakukamatwa mtu. Na baadaye kidogo akaja kwangu kijana mwingine, akasema ana ndugu mahakamani, ataifuata ile pesa hadi irudi, anaomba nauli tu kwanza. Usinicheke: mkono wangu ulikuwa tayari umeingia kwenye leso. Ni Kogo aliyenizuia, akicheka hadi akashika mbavu.

"Huyo ni ndugu yake yule! Mmoja anachimba shimo, mwingine anauza kamba."

Akina mama waliniondoa kwenye hazina, na walikuwa na haki. "Kidato cha pili kimetufikisha," mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko isipokuwa mimi. Nilikubali kulipa nusu iliyopotea. Nilichuma kwangu, na siku nyingine nikachuma kibarua katika mashamba makubwa, hadi vidole vikawa vyeusi pasipo kutakata.

Pesa iliyorudi ilitosha upande mmoja wa paa. Kogo alihamishia kitanda huko. "Mimi ni tajiri upande wa kulia," aliwaambia wageni. Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipoanza, alikohoa wiki mbili, akafa. Sisemi paa lilimuua. Alikuwa mzee, na wazee hufa. Lakini nilimaliza deni miezi mitano baada ya kumzika, na kikundi kikasema mabati ya pesa hiyo ni yake, yaende kwake. Tukaezeka upande wa pili wa nyumba isiyokuwa na mtu. Nilisimama chini nikimpokeza fundi misumari, na hakuna aliyenilaumu, nayo ndiyo lawama nzito kuliko zote.

Kwa hiyo sikupi nasaha kwa kuwa nina akili. Nakupa kwa kuwa nimechoka kuona zamu hii ya kutapeliwa ikirudi kwa wengine. Siku hizi matapeli hawakupandishi ngazi, wanakuja kwenye simu yako, wakiwa na jina zuri. Atakayekwambia ulipe kwanza ndipo akukopeshe, mwache hapo hapo aliposimama, hata kama anaomba kidogo, hata kama anaomba kwa jina la Mungu. Atakayekwambia ufiche, huyo ameshakwambia yeye ni nani. Na ukishateleza, usikae kungoja kama nilivyongoja. Mficha uchi hazai. Sema siku hiyohiyo: posta, benki, kwa watu wa simu, polisi, na kwanza kwa wale ambao pesa ni yao. Shika kila karatasi. Pesa iliyotoka jana huenda ikarudi. Iliyotoka miezi miwili iliyopita, yeyote anayeahidi kukurudishia kwa malipo anataka ya pili.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe mikono inayopata na mdomo usioona haya kuomba msaada mapema. Wanaokuamini wakukute mwaminifu, na ukikosea, wakukute ungali na wakati wa kurekebisha, wao wakiwa hai.