Mwanamke Aliyetaka Boksi la Chembe Sahani

Mwaka 1966, nikiwa na miaka minane, mama yangu alijifungua kambini kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, akavuja damu mpaka akafa. Watu wa kumtolea damu walikuwepo, ila walikimbia. Walisema damu ikitolewa inakwenda kwa mumiani. Shule nikaiachia darasa la pili, nikaingia kukata mkonge. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyasoma popote. Yalinipata mchana wa jua kali, akili zangu zikiwa timamu. Asiyetaka kuamini asiamini, sijamwomba.

Mwaka juzi binti yangu Zaina alijifungua hospitali Handeni, damu ikawa haigandi. Daktari akasema anahitaji chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Akapiga simu, zikapatikana Korogwe. Gari la hospitali lilikuwa safarini. Nikasema, langu lipo.

Kule Korogwe nilidhani nitapewa damu nyekundu. Kumbe ni mfuko wa njano, kama mafuta ya alizeti, umelazwa juu ya mashine inayoyumba polepole, haipumziki.

"Shikamoo baba," dada wa maabara akaniambia. "Hizi hazitaki barafu wala friji. Zikipata baridi zinaharibika. Na zikilala sana zinashikana. Njiani huna mashine, basi mikono yako ndiyo mashine."

Akautia mfuko kwenye boksi, nami garini nikalipakata, nikaanza kulibembeza. Shemeji yangu Mbwana, aliyekuwa anaendesha, akacheka.

"Shemeji, mbona huliimbii?"

"Endesha gari, domo hilo!"

Tulipokuwa katikati ya mashamba ya mkonge, tairi likapasuka. Mbwana akaingia uvunguni na jeki. Mimi nikakaa ubavuni mwa gari, nabembeza.

Hapo ndipo baridi ilipokuja. Niamini, baridi, jua la saa saba, njia ya Handeni! Ilianzia kwenye nyayo ikapanda. Nikainua macho. Mwanamke wa miaka kama thelathini amesimama mbele yangu, ananitazama. Haniamkii. Mimi, na mvi zote hizi!

"Binti, kwenu hamwamkii wazee?"

"Nikuamkie wewe?" akajibu kwa Kizigua. "Mimi niliyekuzaa?"

Akaniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai anayelijua.

Ungefanya nini wewe? Alikuwa mama. Uso ule ule, na kanga yake imelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Akanyoosha mikono, na mvuke ukatoka viganjani kama friji iliyofunguliwa.

"Umechoka, mwanangu. Nipe nikushikie."

Shikamoo ikanijia mpaka kwenye meno. Ningeitamka, ningekuwa yule mtoto wa miaka minane, na mtoto yule asingemnyima mama yake kitu. Nikaimeza. Nikafungua vifungo vya shati, nikalikumbatia boksi kifuani, nikazidi kulibembeza.

"Sikupi. Hii ni ya Zaina. Uwe mama, uwe jini, uwe mumiani mwenyewe, sikupi! Siku unavuja sikuwa na cha kukupa. Leo ninacho, na kina mwenyewe."

"Hata kuniamkia?"

"Hata kukuamkia."

Akageuka, akaingia kwenye mkonge. Hakuna jani lililotikisika. Mbwana akatoka uvunguni meno yanagongana, anauliza nani kamletea baridi ya Lushoto.

Jioni ile Zaina aliongezewa chembe zile, damu ikakata.

Mama nimemsomea hitma, nimechinja na mbuzi. Lakini tangu siku ile siwezi kumwamkia mtu. Neno likifika kwenye meno linarudi lenyewe. Wazee walionizidi umri, wachache waliobaki, wananuna. Wanasema mali imenipa kiburi. Waseme.

Nawe ukiwa umebeba uhai wa mtu, akatokea asiyekuamkia akataka kukupokea mzigo, usimpe. Usimtazame usoni ukaanza kuhesabu udugu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Handeni, shamba la mahindi, ng'ombe tisa, gari lile lile, binti mmoja na mjukuu mmoja. Hakuna hata kimoja nilichomwachia yule.