P Ni Nani kwa R?

Mwishoni mwa 1994, baada ya vita, mimi na Wanyarwanda wengine tuliorudi kutoka nje tulikaa Kicukiro, mtaa wa Kigali, katika nyumba moja yenye baraza ndefu ya saruji, na baraza hiyo ndiyo ikawa darasa langu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu huko Tanzania nilikozaliwa, na shule niliyopangiwa Kigali ilikuwa bado haina madirisha. Kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi.

Mashirika ya misaada yalikuwa yanaajiri. Waombaji walikuwa wengi, na wengi wao vyeti vyao vilikuwa vimebaki walikotoka au vimepotea njiani. Njia rahisi ya kuwachuja ilikuwa kuwapa mtihani wa kufikiri: herufi zilizofichwa, mafumbo ya undugu, mfuatano wa namba. Jirani yangu wa upande wa pili wa nyumba, binti aliyekulia Bujumbura na kusoma kwa Kifaransa, alikuwa ameomba kazi ya kutunza stoo ya chakula. Nafasi ilikuwa moja.

Aliishi na mdogo wa baba yake, mzee aliyemlea tangu akiwa mchanga. Mzee aliondoka Rwanda akiwa kijana, na sasa alitaka kubaki. Lakini chakula kilikuwa kinaisha, na alikwishasema wazi: binti akikosa kazi hii, watarudi Bujumbura, ambako nako hali haikuwa shwari. Godoro lao moja lilikuwa bado limefungwa kamba, halijafunguliwa tangu lishuke kwenye lori.

Tulianza na herufi. Nilimwambia asikimbilie jibu. Kwanza aandike alfabeti yote kwenye mstari mmoja, kuanzia A hadi Z. Kama MAJI imeandikwa NBKJ, basi kila herufi imesogea mbele hatua moja. CHAI itakuwaje? Aliweka kidole kwenye mstari, akasogea, akaandika DIBJ.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu. Ugumu wake ni kwamba watu wanaharakisha."

Siku zilizofuata alifanya zilizosogea nyuma, zilizopinduliwa ili A iwe Z, na zile ambazo hatua zinaongezeka kila herufi. Alikuwa na kichwa kizuri na, muhimu zaidi, hakuona aibu kuhesabu kwa kidole.

Tulikwama kwenye undugu. Nilimwandikia hivi: alama ya kujumlisha maana yake "ni baba wa", alama ya kuzidisha maana yake "ni kaka wa". Sasa, P × Q + R. P ni nani kwa R?

Hakufikiri hata kidogo. "Ni baba yake."

"Angalia tena. P ni kaka wa Q. Q ndiye baba wa R."

"Ndiyo, mwalimu. Basi P pia ni baba yake."

Nilimwonyesha majibu ya kuchagua: baba, babu, kaka, na oncle, neno la Kifaransa la ndugu wa kiume wa baba au wa mama. Akatikisa kichwa. Oncle, alisema, ni ndugu wa mama. Ndugu wa baba ni baba, kila mtu anajua.

Mzee alikuwa kwenye kigoda upande wa pili wa baraza, anachambua maharage ya mbegu aliyokuja nayo. Alikuwa anatusikiliza muda wote.

"Eh, mwalimu! Tangu lini mimi iko oncle?"

"Si wewe, mzee. Ni P."

"P ni nani? Iko wapi?"

"Kwenye karatasi."

"Basi abaki huko huko. Huyu mtoto nimembeba mgongoni, leo unanipunguza cheo mbele yangu!"

Binti alicheka, lakini kalamu haikusogea. Nikaona kwamba shida si akili. Kila alipoona "kaka wa baba" alimwona mtu aliyeketi pale na sinia la maharage, na mkono wake ukakataa.

Nikamwambia aache maneno kabisa. Achore. Baba awe mraba, mtoto awe mraba chini yake, kaka awe mraba wa pembeni. Kisha aulize swali moja tu: je, kuna mstari unaoshuka moja kwa moja kutoka P hadi R? Kama haupo, karatasi haimwiti baba, hata kama nyumbani anaitwa hivyo.

"Mdogo wangu, mtihani haukuulizi nani alikulea," nilisema. "Unauliza mistari tu."

Tulichora miraba mchana baada ya mchana, mpaka akaweza kusema "oncle" bila kumtazama mzee.

Siku ya mtihani alirudi mchana, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mzee hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Haya. Leo nilikuwa nani?"

"Yaliletwa maswali mawili ya undugu, baba. La kwanza nilichora, mstari haukushuka. Nikaandika oncle."

"Sawa. Na la pili?"

"A ni baba wa B, B ni kaka wa C. A ni nani kwa C? Nikashtuka, nikataka kuandika oncle tena kwa woga. Halafu nikachora. Akatoka baba."

Mzee akanigeukia. "Hiyo ya pili ndiyo mimi."

Majina ya waliochaguliwa kwa kazi zote yalisomwa getini kwa shirika wiki iliyofuata. Alikuja akikimbia, nikajua kabla hajasema.  Mzee aliingia ndani, nikamsikia akihangaika na fundo la kamba ya godoro, kisha akatoka na sinia la mbegu.

"Mwalimu, una jembe? Mvua bado ipo."

Nilikwenda kulileta. Alipanda nyuma ya nyumba, kwenye kipande kidogo kinachoteremka, na binti alimfuata akifukia mashimo kwa mguu.