Fundi wa Winchi

Fundi wa winchi pale shimoni Geita, miaka ile ya Mwingereza, alikuwa na mazoea ya kuijibu kengele. Ikilia ya kupandisha watu, husema kwanza, “Pandisha,” ndipo mkono uguse mpini. Mimi nikiuza uji hapo karibu, nilikwisha kuizoea sauti yake kama ya katekista.

Asubuhi moja alikuja macho mekundu, amekesha na mtoto wake mwenye homa. Kengele ikalia, mume wangu na wenzake wakiwa ndani ya ndoo kubwa ya winchi, katikati ya shimo. Fundi akasema, “Pandisha,” lakini kamba ikateremka. Palepale akakaza breki. Nikashika rozari yangu. Kutoka chini nikamsikia mume wangu, “We fundi! Umetuanika huku kama michembe ya viazi?” Wakacheka. Yeye hakucheka. Akamwita Zamoyoni, fundi mwenzake: “Njoo ushike wewe, ndugu yangu. Macho yangu yapo hapa, mimi mwenyewe sipo.”

Zamoyoni akashika mpini, fundi akaja kuketi kwangu. Nikampa uji, hakuupokea. Kengele ilipolia tena, midomo yake ikajibu polepole, “Pandisha.” Mikono alikuwa ameikalia.