Mihogo Juu ya Bwawa la Perege

Siku ya kwanza kazini nilifika na jembe begani. Niliambiwa ni kazi ya mabwawa, na mimi bwawa nilijua linachimbwa tu. Kituo kilikuwa bondeni, nje kidogo ya mji wa Kasulu: mabwawa mawili ya perege, kibanda cha nyavu, na mfereji mmoja wa kuleta maji kutoka kwenye chemchemi. Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita mtaalamu wa wilaya, alinitazama kuanzia miguuni.

"Mama Neema, samaki unamjua?"

"Namjua akiwa kwenye sufuria."

"Basi weka jembe chini. Wiki hii utaangalia tu. Usiguse kitu."

Nilikasirika. Mtu mzima nimetoka Muyama kutafuta kazi, naambiwa nikae niangalie maji! Lakini wiki ile ndiyo iliyonifundisha. Perege mzima humwoni, unaona maji yanatikisika basi. Ukimkuta amekuja juu, mdomo wazi, anahema kama mtu aliyepanda mlima, jua chini hakuna hewa. Hilo sikulipata shuleni. Shule niliishia darasa la tatu.

Kwenye bwawa kubwa walikaa wazazi, yaani samaki wa kutaga. Dogo lilikuwa la vifaranga, watoto wao, ambao wakulima waliwabeba kwa ndoo wakawapande kwenye mabwawa yao. Vifaranga wakifa, unasubiri wengine. Wazazi wakifa, kituo kimekufa, na sisi tunarudi nyumbani.

Nilikuwa nimeshazoea kazi Wakongo walipoletwa kambi ya Nyarugusu. Mmoja wao, Mama Furaha, alipata kibarua kwetu cha kufyeka kingo na kuvuta nyavu. Alikuwa mcheshi, na mikono yake haikujua kupumzika. Nilimpenda, ingawa sikumwambia.

Kiangazi hicho binti yangu Neema alikuwa anaolewa. Harusi ya kwetu bila ugali wa muhogo si harusi, na mihogo yetu ni michungu, lazima uiloweke siku tatu mpaka ilainike ndipo uanike. Siku zote niliiloweka mtoni, mbali kule chini. Safari hii goti lilikuwa linauma. Nikatumbukiza magunia mawili kwenye karo, kile kishimo kilichokuwa mwanzo wa mfereji cha kuzuia mchanga. Maji yanapita tu, nikajisemea, yatadhuru nini?

Siku ya tatu asubuhi nikakuta bwawa dogo limekuwa jeupe kwa matumbo ya vifaranga. Yebabawe! Kwenye bwawa kubwa wazazi walikuwa juu, midomo wazi.

Bwana Samaki alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo. Akaokota kifaranga, akakigeuza.

"Utupa huu," akasema. Utupa ni majani ya sumu, watu huyatwanga na kuyatia mtoni ili wavue kirahisi. "Nani alikuwa wa mwisho hapa jana?"

Alikuwa Mama Furaha. Watu wawili watatu waliokuwa wamesimama kando wakaanza: wakimbizi hawa, wameshazoea kuvua hivyo kwao. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama kwa jicho baya.

"Shefu, mi siko na ile majani," akasema Mama Furaha.

"Utaeleza polisi. Mama Neema, fungulia maji yote! Tuioshe hiyo sumu!"

Nikaenda kwenye mfereji. Mama Furaha akanifuata, akainama, akachota maji kiganjani, akanusa. Akaniambia polepole, wengine wasisikie:

"Mama, maji hii inanuka mihogo. Kwetu pia tunalowekaka. Mi nilisikia toka nimefika."

"Mbona hukumwambia Bwana Samaki?"

"Mihogo ni ya nani, mama?"

Alikuwa anajua, na alikuwa tayari kupelekwa polisi kuliko kunitaja. Na mimi mkono wangu ulikuwa kwenye ubao wa kuzuia maji. Ningeuinua, maji yale mabovu yangeingia yote kwa wazazi.

Nikaugandamiza ubao chini mpaka ukaziba kabisa. Nikapiga kelele:

"Bwana Samaki! Hakuna utupa! Ni mihogo yangu, iko kwenye karo!"

Hakunitukana. Alivua viatu.

"Mihogo ikioza inakula hewa ya maji. Mtu akinyimwa hewa unampa hewa. Ingieni wote! Chota, inua juu, mwaga!"

Tukaingia na ndoo na mabeseni, hata wale waliokuwa wananyooshea vidole. Tulichota na kumwaga kutoka juu ili maji yabebe hewa, mikono ikafa ganzi. Mama Furaha alikuwa ubavuni kwangu.

"Mama ya bibi harusi," akanitania, "leo unacheza mbele ya siku yako, harusi bado!"

Jua lilipofika utosini, mzazi mmoja akafumba mdomo, akapiga mkia, akazama. Akafuata mwingine. Baadaye maji yakabaki yanatikisika tu, samaki huwaoni. Nilikaa kwenye matope nikacheka peke yangu kama mwehu. Tulipoteza wazazi watatu tu.

Bwana Samaki alimwomba Mama Furaha radhi mbele ya wale wote waliomsema. Mimi akaniambia, "Umeua vifaranga, umeokoa wazazi. Kesho njoo kazini. Mihogo peleka mtoni."

Baadaye nilihamishiwa Kibondo, nikafanya kazi chini ya mkuu wa kituo mkali asiyesema zaidi ya maneno matano kwa siku. Hata yeye alizoea kuniona asubuhi nimeinama kwenye mfereji, nanusa maji kabla sijatazama samaki. Hakuwahi kuniuliza sababu.

Sasa nimestaafu, goti limeshinda. Ninyi mnaochimba mabwawa leo, samaki wakifa ghafla msikimbilie kutafuta mchawi wala mgeni. Pandeni kwanza mpaka maji yanapoanzia. Huko ndiko yalikokuwa magunia yangu. Na Mama Furaha, siku ya harusi ya Neema, ndiye niliyempa mwiko asonge ugali.