Makosa Aliyoyafuta Bi Mazoon

Saa kumi alasiri, kiyoyozi kinanguruma sebuleni kwa Bi Mazoon Zahor, mtaa wa Wadi Kabir. Lin Yuhan, msichana wa miaka kumi na miwili, ananakili daftarini hesabu aliyoikosea jana: kosa kwa penseli, jibu sahihi kwa wino, kisha sababu ya kukosea. Halwa aliyotengewa haijaguswa.

Bi Mazoon, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na moja, anasomesha watoto saba nyumbani. Watatu ni Wachina wanaoingia darasa la saba. Baba yake Yuhan ana duka la vigae katika eneo liitwalo Ghala.

"Nimesomesha miaka thelathini na mbili, sijapata kuona mtoto akiyatunza makosa namna hii," anasema Bi Mazoon, na kucheka.

Mwanzoni daftari hilo lilimshinda kulielewa. Machi, Yuhan alifeli mtihani wa kuingia shule aliyoiomba. Wazazi wake walikuwa wameshaamua: akifeli tena, atarudi China kuishi na bibi yake, wao wabaki na duka.

Bi Mazoon alimwonea huruma kweli kweli. Siku moja Yuhan alilisahau daftari lake nyumbani kwa Bi Mazoon. Mwalimu akachukua raba, akafuta makosa ya kurasa nne, mama mtu asije akayaona.

Kesho yake mtoto alifungua daftari akalia bila sauti. Baadaye alieleza kuwa kwao, anayekaribia sekondari hufunzwa kujisomea mwenyewe, na huanza na yale aliyokosea. Mama yake alikuwa akiyasoma kila Ijumaa na kutia saini.

"Nilitahayari, mwanangu. Mie nnadhani namsitiri, kumbe nnamwibia," Bi Mazoon ananiambia.

Wakaanza upya. Kwa wiki mbili Yuhan alivuta kumbukumbu, akikosea tena makusudi pale pale alipokosea, na mwalimu akikaa pembeni, mikono mapajani. Juni alirudia mtihani, akapata themanini na moja kwa mia. Haendi popote.

Sasa Bi Mazoon anapanga kuwapa wanafunzi wake wote madaftari ya makosa ifikapo Septemba. Raba ameshazifungia kabatini.

Yeye pia analo lake, zawadi ya Yuhan. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa penseli: "Nilifuta." Kwa wino: "Ningemuuliza kwanza." Sababu: "Nilimhurumia, sikumwamini."

Yuhan ameupitia ukurasa huo, akatia saini.