Shusha Mbele, Punguza Moja

Mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano alishika chaki kwa ncha za vidole, kama mtu aokotaye mwiba, na kabla ya kuandika aliipuliza. Kila kipindi cha kalkulasi alikifungua kwa sauti kavu: "Kipeo?" Darasa likaitikia, "Shusha mbele!" "Kilichobaki?" "Punguza moja!" Mpita njia angedhani ni gwaride. Agnella, binti wa mkulima wa Katindiuka, aliitikia pamoja na wenzake, akapata vema zote, asijue anakokotoa nini.

Siku moja akasimama. "Samahani, mwalimu. Kwa nini saba peke yake, bila x, tukiikokotoa inakuwa sufuri?"

"Dada, umetumwa na wakaguzi?" Octavian, mwanafunzi mwenzake, akamtania kutoka nyuma.

Mkono wa mwalimu ukachora mstari ulionyooka bila rula. Sauti yake ikalainika. "Tuseme maji ya mto Kilombero yako futi saba. Leo saba, kesho saba. Yanapanda kwa kasi gani?"

"Hayapandi." Agnella alihisi dirisha likifunguka kichwani. "Na yakipanda, mwalimu? Kama yalivyofurika yakabeba mpunga wetu?"

Mkono ukaanza kuupinda mstari kwenda juu, polepole, kwa mapenzi. Ndipo viatu vya mkuu wa shule viliposikika barazani. Mwalimu akaufuta mchoro kwa kiganja, ingawa dasta ilikuwapo.

"Hilo halimo kwenye mtihani. Kipeo?"

"Shusha mbele!"

Agnella hakuitikia. Mwalimu alimwona, akageukia ubao, akaipuliza chaki.