Hojaji Ishirini na Tisa

Nafundisha utafiti katika chuo kimoja hapa Thika, na wanafunzi wangu wengi humaliza kozi bila kumwuliza mtu yeyote swali lolote. Siku hizi simu huandika sura nzima kabla chai haijapoa. Nikisahihisha, nasoma sentensi safi zisizo na mtu ndani yake, na sina la kufanya. Kushuku si ushahidi.

Muhula mmoja niliamua kuwatoa darasani. Niliwaambia waende sokoni, kila mmoja awaulize wauza mboga watano kwa nini wanauzia pale walipo. Karatasi zilizorudi zilisema karibu kitu kimoja: wafanyabiashara wanakumbwa na changamoto mbalimbali. Moja tu ilikuwa tofauti. Mwandishi wake alisema kwamba muuzaji wa kwanza alimfukuza, wa pili alitaka anunue sukuma wiki kwanza, na wa tatu alitokwa na machozi akisema pale ndipo mama yake alipouzia. Wa nne na wa tano hakuwapata kwa sababu mvua ilinyesha. Niliisoma karatasi ile mara mbili nikiwa nimesimama.

Aliyeiandika alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Bungoma, aliyeishi mtaa wa Landless na kushona nguo kiwandani. Alisoma wikendi. Alipofika mwaka wa mwisho, nikawa msimamizi wake. Alitaka kujua akina mama wa viwandani huwaachia nani watoto wao, kwa maana kule mitaa ya Kimbo na Gatongora kuna ploti nyingi za vyumba vya kupanga ambamo mama mmoja hutunza watoto wa majirani kutwa nzima katika chumba kimoja. Katika pendekezo lake aliahidi kuwahoji watunzaji arobaini. Niliona ni wengi mno, lakini nikasaini. Nilijua jopo la watahini hupenda namba kubwa.

Jumamosi ya kwanza niliandamana naye Gatongora. Alipobisha mlango, sauti ya mama ikauliza kutoka ndani, "Ni nani? Ni kanjo?"

"Hapana, mathe. Mimi ni mwanafunzi tu."

"Mwanafunzi, na umekuja na bosi wako? Ngai! Endeni huko. Mnataka kunifungia."

Alidhani mimi ni askari wa kaunti aliyekuja kumfungia kazi yake; nilielewa kwamba mimi ndiye niliyemharibia mwanafunzi wangu. Tangu siku hiyo alienda peke yake.

Alienda wikendi baada ya wikendi. Mtunzaji mmoja alimpa mtoto ambebe huku yeye akikoroga uji, na mazungumzo yakaanzia hapo. Mwingine alimweleza jambo, kisha akamsihi asiliandike. Hakuliandika, na hata mimi hakuniambia. Mwishowe akawa na hojaji kumi na moja, zimejaa maneno mpaka pambizoni. Kuhusu waliokataa, aliandika wazi kwamba waliogopa kufungiwa. Kwangu, kukataa huko ndiko kulikuwa matokeo makubwa kuliko yote.

Siku ya kutetea kazi yake, mwenyekiti wa jopo, aliyenizidi cheo, hakuona hivyo.

"Uliahidi arobaini," alimwambia. "Mbona kumi na mmoja?"

"Wengine waliogopa, Mwalimu."

"Woga hatuwezi kuuweka kwenye jedwali. Nenda ukakamilishe. Una wiki mbili."

Niliinua mkono, nikaanza kueleza. Alinigeukia kwa upole. "Si ni wewe ulisaini pendekezo lenye arobaini?"

"Ni mimi."

"Basi."

Nikaushusha mkono. Mwanafunzi aliyefuata alikuwa na hojaji mia moja, zote zimejibiwa, hakuna hata mtu mmoja aliyekataa. Jopo lilimpongeza. Nami nilipiga makofi, kwa kuwa wote walipiga.

Kabla wiki haijaisha, yule mwanafunzi wangu alikuja ofisini na bahasha. Ndani mlikuwa na hojaji mpya ishirini na tisa, hazina hata mkunjo. Katika hizo, kila mtunzaji aliipenda kazi yake. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kutosha na vifaa vya kuchezea.

"Ulienda Gatongora lini?" nilimwuliza.

Aliangalia chini. "Mwalimu, wiki hii yote nimekuwa shifti. Nikikosa graduation ya mwaka huu, sijui kama nitapata nguvu ya kurudi. Tafadhali, usiniulize."

Ningekataa, angeangukia pale pale ambapo yule wa mia moja alipita. Ningekubali, ningekuwa nimemfunza kile hasa nilichompigania asikijue. Nilizirudisha ndani ya bahasha, nikavuta fomu yake ya kuwasilisha. Nikasaini.

"Zile kumi na moja usizitupe," nilimwambia.

"Niliwaahidi wale akina mama nitazichoma nikimaliza," alisema. "Hiyo nitafanya vile nilisema."

Akapita. Jopo lilisifu jedwali lake.

Siku ya mahafali alikuja kunitafuta kwenye umati akiwa amevaa joho, na mama yake aliyesafiri kutoka Bungoma. Yule mama alinishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, asante sana kwa kumfunza mtoto wangu."

Binti yake alikuwa akirekebisha kofia, haniangalii.

"Karibu, mama," nilisema. Tukapanga mstari, watu watatu, tukapigwa picha.